Mpira wa Mazoezi Siku ya Barua ya Posa

Chekeni tu, lakini msidhani hasira zangu zimeisha. Nilitokea mbele ya washenga nimevaa bukta ya mdogo wangu wa kiume, jasho linanitiririka, na hadi leo nikisimulia mashavu yanawaka.

Chanzo ni Deo, mchumba wangu (alikuwa mchumba, mtaelewa). Wiki mbili kabla ya barua alinitumia mpira wa mazoezi, ule mrefu wa kuvutika wenye vishikio, unaufunga mlangoni unavuta, ukimaliza unaukunja unautia kwenye pochi. "Jimu ya nini, mama? Huu ni bei rahisi na unatembea nao." Nikaona ananijali. Mjinga mimi!

Basi siku yenyewe, kwetu Mkuyuni, washenga wameshafika kutoka Bukoba, wako sebuleni na wazee, mimi nimefichwa chumbani kama ilivyo desturi, nisionekane mpaka shangazi Kabula aje kuniita, niulizwe kama wageni hawa nawafahamu. Nikisema nawafahamu barua inapokelewa, nikisema siwafahamu wanabeba barua yao wanaondoka. Navaa gauni, zipu inagoma. Nabana pumzi, inagoma. Nikawaza, wazee hawa wakianza kuulizana habari za mashamba ni saa nzima, ngoja nivute mpira mara hamsini tumbo lishuke (hofu jamani, msinicheke). Nikavaa bukta na fulana, hedifoni masikioni ili nisiwasikie nikazidi kutetemeka, mpira nikaufunga kwenye kitasa, nikajizungushia viganjani mara tatu uwe mgumu, nikaegemea nyuma nikavuta.

Kumbe shangazi anaita. Anaita weee, kimya. Anavuta mlango (wetu unafungukia sebuleni), mlango unarudi. Akadhani umekwama. "Jamani, nisaidieni!" Na nani akanyanyuka? Mshenga mwenyewe, baba mdogo wake Deo, mzee mwenye mikono iliyozoea jembe. Walivuta pamoja mara moja tu, nikatoka mle chumbani kama mbuzi anayeburutwa kupanda meli ya Nansio, nikampiga kikumbo shangazi, nikaangukia meza ya soda.

"Shikamooni," nikasema nikiwa palepale chini (ningesema nini kingine?).

"Marahaba," wakaitikia wote.

Aibu hiyo ningeimeza, haki ya Mungu. Mama alishanitupia kanga, wazee wanajikohoza kuzuia kicheko. Lakini mshenga akauokota mpira, akaunyoosha, akatabasamu. "Aa, kumbe ule mpira tuliokutumia unautumia! Si nilimwambia Deo, binti ni mzuri, ni tumbo tu."

Tuliokutumia! Yaani ukoo mzima umekaa kikao kujadili tumbo langu! Hasira zikanipanda. Shangazi naye, ili kuokoa jahazi, akakimbilia swali. "Haya mwanangu, hawa wageni unawafahamu?"

"Siwafahamu."

"Mwanangu, hebu watazame vizuri."

"Nimewatazama, shangazi. Siwafahamu!"

Hakuna aliyekunywa soda. Mshenga akaichukua barua yake pale mezani, imelowa, akaikung'uta, akaitia kwenye mfuko wa koti, wakatoka.

Jioni Deo akapiga, nikamporomoshea yote, yeye na baba yake mdogo na mpira wao. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema, "Baba mdogo alinikuta naufungasha nikutumie, akajisemea yake. Mimi tumbo lako sijawahi kulitaja kwa mtu." Nikamwambia si kweli, ingawa nilijua ni kweli, Deo si mtu wa maneno. Akaendelea, "Lakini hukuulizwa habari ya baba mdogo. Uliulizwa kama unanifahamu mimi." Akakata.

Sasa ni miezi mingi. Yule mzee bado namkasirikia, tena sana, ila ninayemkasirikia kuliko wote ni mimi. Nimeapa, nikipandwa na hasira sijibu swali la mtu yeyote, hata nikiulizwa jina langu. Deo nilikuwa namfahamu, jamani. Na nilikuwa namtaka.