Vumbi la Dari ya Mama

Mama alikuwa katika eda, mwezi wa pili tangu baba atutoke, kipande cha dari kilipoanguka kitandani kwake. Nyumba yetu ya Bagamoyo ilijengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na dari yake ni ya vibao vya kijivu ambavyo mwenye duka huviita asbesto, saruji iliyochanganywa na nyuzi. Maji ya mvua yaliyovuja miaka mingi yalikuwa yamevichakaza. Kila asubuhi Mama alikung'uta shuka, na unga ukaruka.

Fundi wa kiume asingeweza kuingia chumbani kwa mjane aliye edani. Nikasema nitafanya mimi, mwanawe. Useremala sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuchungulia kazi za watu, na siku zote naogopa atatokea ajuaye, anicheke. Ndiyo maana siwezi kuacha hata upenyo wa unywele baina ya ubao na ubao.

Niliteremsha vibao vilivyopasuka, nikanunua vipya viwili, nikavipeleka uani kwenye mwanga. Nikakata kwa msumeno, nikapiga msasa, nikapima, nikarudia. Nyusi zangu zikawa nyeupe kwa vumbi. Mama alikaa ukumbini, karibu na mlango wa uani, akinitazama. Kutoka nje ya nyumba hakuwa na ruhusa. Nililijua hilo, lakini sikulifikiria.

Siku ya tatu shangazi, dada yake baba aliyekuja kukaa na Mama, alinishika mkono wenye msasa.

"Ubao huu unautengenezea dari au unautafutia mume?"

"Bado ukingo mmoja, shangazi. Haujanyooka."

"Na mamako je? Hebu kamtazame."

Nilimkuta amejiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtetemeka. Alikuwa akikohoa kimyakimya ili nisimsikie.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu juzi." Akatulia apate pumzi. "Nilikusikia unapiga mluzi, mwanangu. Tangu baba yako afariki sijakusikia. Nikasema, na amalize."

Nitaliandika hili bila kujipendelea: jambo la kwanza lililonijia ni kwamba umebaki ukingo mmoja tu. La pili ndilo lilikuwa Mama. Bado naona haya kwa mpangilio huo.

Nilimwagia vumbi maji, nikalizoa likiwa tope. Vibao, vipya na vibovu, nikavitia kwenye gunia lililolowa, nikavifukia mbali na kisima. Vizima vilivyobaki juu sikuvigusa. Shangazi akanipa kipande cha marekani, nikakipigilia misumari pale palipokuwa wazi. Nilifanya haraka, bila kupima. Kitambaa kikalegea katikati kama tumbo la mbuzi.

"Hiyo ndiyo dari?" shangazi akacheka. "Wifi, mwanao leo kaugua!"

Baada ya adhuhuri Mama alijilaza. Nilikaa kizingitini nikisikiliza kifua chake. Alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena, safari hii kwa sauti, bila kujizuia. Sikuwahi kabla ya siku ile kufurahi kusikia kikohozi. Halafu pumzi ikatulia, akalala.

Alipoamka alitazama juu.

"Imepinda," akasema.

"Najua, Mama. Eda ikiisha nitai—"

"Usiiguse."

Sijaigusa mpaka leo, ingawa kila niingiapo chumbani humo kumsalimu, macho huanza na pale palipolegea, kisha ndipo humfikia yeye. Najitahidi kuyafundisha yaanze kwake.