Nyuki wa Anyesi kwenye Mashine ya Unga

Anyesi wa Chemba si mtu wa kukaa na jambo moyoni, lakini kiangazi kile alinyamaza hadi majirani wakaanza kuulizana. Kati ya mizinga kumi na mmoja aliyoachiwa na marehemu mumewe, Elieza, ilibaki minne tu yenye uhai. Kila alipofunua alikuta majana, watoto wale wa nyuki, wamekauka vyumbani mwao, wagumu kama vipande vya chaki.

Wala hakuwa mzembe. Maua yalipoisha porini aliwakorogea maji ya sukari asubuhi na jioni, sukari aliyoinyima chai yake mwenyewe. Nyuki walikunywa hadi tone la mwisho, na watoto wakazidi kufa. Kila aliyeulizwa alisema ni ugonjwa tu, umekuja na upepo.

Siku moja Mwajabu, mwenye mashine ya kusaga, akamtumia ujumbe: "Dada Anyesi, njoo uwachukue watu wako. Wananikimbizia wateja."

Anyesi akaenda na aibu yake, tayari kuomba radhi. Alipofika mlangoni, akainama kutazama. Nyuki walikuwa wanagaagaa kwenye vumbi la unga wa lishe, ule wa mahindi na soya wanaopikiwa watoto uji, kisha wanaufinyanga na kuubandika kwenye miguu ya nyuma, vilevile wafanyavyo na chavua ya maua.

"Unga wa nini kwa hawa? Kwani wanasonga ugali?" Mwajabu akauliza.

Anyesi akaketi juu ya gunia. "Dada yangu, nimewalea kwa chai tupu! Mtoto wa chai tupu, kila homa inayopita si inaanza na yeye?"

Afisa nyuki alipopigiwa simu alikubaliana naye. Sukari humpa nyuki nguvu ya kuruka, lakini nguvu ya kupambana na maradhi huitoa kwenye chavua. Ikikosekana, unga laini wa soya huweza kuwasogeza hadi maua yarudi. Basi Mwajabu akawa anamsagia kopo moja la unga huo kila wiki, naye Anyesi anauweka kwenye ungo, kivulini karibu na mizinga.

Mzinga mmoja haukuwahi. Mitatu ilipona. Mvua zilipokuja alikuta majana mabichi, manene, yanang'aa, akalia pale pale bila kujificha. Asali ilipoiva hakukamua pamoja na masega yenye chavua kama zamani. Hayo aliwaachia wenyewe. Sega la kwanza alimpelekea Mwajabu, akamshukuru hadi mwenzake akaona haya.

"Usinishukuru hivyo," Mwajabu akasema, macho chini. "Siku ile dawa ya kuua wadudu nilikuwa nimeshaichanganya, bomba liko mgongoni. Nikakumbuka ni wa kwako, ndipo nikalitua nikashika simu."

Anyesi akamshika mikono yote miwili, akashindwa kuiachia. "Asante," akasema. "Asante kwa kunikumbuka."