Shuka Jeupe Chini ya Mikorosho

Nilisoma mpaka darasa la pili, basi. Lakini mkorosho naujua. Mkorosho huzaa pale jua linapougusa; tawi lililofunikwa na la jirani ni kuni tu. Kule Mnyambe kila mwenye jembe analijua hilo. Bwana shamba tuliyeletewa enzi za ujamaa hakulijua, wala hakutaka kuambiwa.

Alitupandisha mikorosho kwa kamba, hatua sita kwa sita, ili anayepita barabarani aone gwaride. Miaka michache baadaye matawi yakashikana, katikati ya shamba pakawa giza, korosho zikabaki kwenye miti ya pembeni. Nikamwomba ruhusa ya kupunguza miti katika sehemu yangu.

"Kukata mkorosho ni hujuma," akanijibu. "Wewe umesomea wapi kilimo?"

Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Kesho yake saa sita mchana nikachukua shuka jeupe la mke wangu, nikalitandaza katikati ya shamba, nikazungushia mkaa kila doa la jua lililoangukia pale. Madoa saba. Nikalihamishia chini ya mti wa pembeni: mkaa ukaniishia mkononi, madoa bado yapo.

Nilipolirudisha katikati na kulitandaza nihesabu upya, mgambo wawili wakanivamia. Siku zile vita vya Msumbiji vilikuwa vinanguruma ng'ambo ya Ruvuma, na ndege za Mreno tulizisikia.

"Unaziita ndege kwa kitambaa cheupe!"

Mimi! Niliyelisha wakimbizi muhogo wangu mwenyewe! Wakanifunga mikono, wakamwita afande wao na mwenyekiti wa kijiji. Bwana shamba naye akaja, anatabasamu.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema nimefungwa hivyohivyo.

"Marahaba. Umefanya nini, mwanangu?"

"Mwambie afande alale chali juu ya hilo shuka."

Afande akaguna, lakini akalala, bunduki kifuani.

"Unaona nini juu?"

"Majani."

"Mbingu je?"

"Siioni."

"Basi rubani wa Mreno ataliona shuka kwa jicho gani? Na kama ndege haioni chini hapa, afande, jua litaona? Ndiyo kesi yangu na huyu bwana!"

Afande akaangua kicheko hapohapo chini. Mwenyekiti akasema, "Mfungueni. Na akate mti mmoja, tuone."

Hakuna aliyeniomba radhi. Bwana shamba akadakia, "Mmoja tu, nitauchagua mimi." Akatembea, akaangalia, akanyoosha kidole kwenye mti wa pembeni, ule uliojaa korosho kuliko yote!

"Huo ndio unaozaa, msomi!" nikafoka. Sikungoja jibu. Nikashika shoka, nikakata wa katikati, uliokuwa majani matupu. Ulipolala, jua likamwagika pale kama maji. Msimu wa pili miti iliyozunguka uwazi ule ikazaa mpaka matawi ya chini, na bwana shamba akawa anawaleta wageni kuwaonyesha "mbinu yake."

Lakini siku ile mke wangu alikuja kuchukua shuka lake. Akaligeuza, akaona mkaa na alama za buti.

"Baba watoto, nani atalifua hili, na maji yako bondeni?"

Kwa haki, wa kuteremka bondeni na ndoo alikuwa bwana shamba. Niliteremka mimi.