Kutafuta Keki Ambayo Mama Angekubali

Nilitoka nyumbani Donholm, Nairobi, Jumamosi ile kwa sababu mama alikuwa amesema hatakuwepo wakati wa keki. Hakusema hatakuja harusini. Angekuja kanisani, aimbe, anikumbatie mlangoni, kisha wenzake wakielekea uwanjani kula, yeye angepanda gari arudi nyumbani.

"Kiti changu mpeni shangazi yako," alisema, akaendelea kukata sukuma wiki kana kwamba amesema jambo dogo.

Kwetu Bungoma, mama na mume wa binti yake hawali wakitazamana. Hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Harusi za Nairobi nazo zina desturi yake: bwana harusi anakata keki, anachukua kipande kwa uma, anamlisha mama mkwe mdomoni huku kamera zikimulika na watu wakipiga vigelegele. Desturi zote mbili ni za watu wazima wenye akili timamu. Tatizo ni kwamba zingekutana juu ya mdomo wa mama yangu, mchana kweupe, chini ya tenti.

Kufuta keki nisingeweza. Mama yake Maina, mchumba wangu, ni mtu wa Murang'a aliyehamia Komarock miaka mingi iliyopita, na yeye alikuwa ameshanunua hata rangi ya mdomo isiyotoka kwa krimu. Ratiba ilikuwa ichapwe Jumatatu. Kwa hiyo safari yangu ilikuwa na kazi tatu: kukodi tenti Baba Dogo, kuchagua keki Komarock, na kurudi na jibu la kiti cha mama. Kuna watakaosema huo si mwendo wa kuitwa safari. Hao hawajawahi kusafiri na Senge Nafula.

Saa mbili asubuhi Maina alipiga honi getini. Mama alikuwa sebuleni anakunywa chai. Honi haijanyamaza, kikombe kikawa kimebaki peke yake mezani, kinatoa mvuke. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa.

Senge, kama tunavyomwita shangazi kwetu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyewahi kuwa karani wa reli na mpaka leo anatembea kama mtu anayechelewa treni, alikuwa ametumwa na mama kuwa macho yake. Mwiko wa mama haumhusu. Shangazi wa bibi harusi ana ruhusa ya kumtania mkwe mpaka atokwe na jasho.

"Hili ndilo gari utakalomwibia mtoto wetu?" aliuliza akifunga mkanda. "Kiti kinanichoma kama deni."

"Ni la kuazima, Senge."

"Afadhali. Nilitaka kukuonea huruma."

Tulipoingia barabara ya Outer Ring, Maina alisema bila kugeuza kichwa, "Senge, nikuulize. Mama mkwe ananichukia?"

"Kwa nini akuchukie?"

"Nimekuja kwenu mara saba. Namjua kwa mgongo tu. Naona kitambaa cha kijani, halafu mlango."

Senge alicheka mpaka akapiga dashibodi kofi. "Huo mgongo ndio heshima yako, kijana! Wengine hawapewi hata huo."

Maina alitabasamu, lakini nilimwona akishika usukani kwa mikono miwili, na barabara ilikuwa wazi. Sikuwa nimejua kwamba amekuwa akihesabu. Mimi nilisoma sosholojia, na mwaka wa tatu niliandika karatasi nzima kuhusu wakwe kuepukana. Nilieleza kwamba ni njia ya jamii kuzuia ugomvi, nikapewa alama nzuri. Wiki mbili kabla ya safari hii nilimsomea mama sehemu yake, nikitaka kumwonyesha kwamba mwiko huu una sababu, na sababu hiyo Donholm haipo tena. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Saa tatu na nusu tulikuwa Baba Dogo. Barabara tuliyoingia ilikuwa na karakana pande zote mbili: huku wanachomelea vitanda, kule wanapaka milango rangi, na hewa nzima ina ladha ya chuma. Mwenye tenti, ambaye pia huchomelea vyuma, alikuwa kijana mrefu anayeitwa Karis, amevaa ovaroli iliyokatwa mikono.

"Niaje, bro. Sasa, madam. Mathe, karibu, kalia hapa pasikuchafue."

"Mathe ni nani?" Senge aliuliza, kana kwamba hajui vijana humwita mama hivyo, ila alikaa.

"Tenti ni ya harusi ama ya matanga?" Karis akaniuliza.

Swali kama hilo siwezi kuliacha lipite. "Tofauti ni gani?"

"Ya harusi ina mapazia."

"Turubai si ni lile lile?"

"Madam, hata suti ni ile ile. Inategemea inaenda wapi."

Senge alikuwa ameshainuka, amevuta pindo la turubai jeupe na kulipeleka puani. "Hii imetoka matanga lini?"

"Juzi, mathe. Lakini nimeifua na sabuni ya unga, mimi mwenyewe, na hawa wasee wangu wa kazi wakishika ncha."

"Angalau husemi uongo," Senge akasema, na nikajua tenti tumepata.

Karis alichukua kipande cha chaki, akachora miraba chini kwenye saruji. Kwa kawaida, alieleza, tenti ya upande wa bwana na ya upande wa bibi hutazamana, maharusi katikati. Kisha akasita. "Wazazi wanakaa uso kwa uso ama ubavu kwa ubavu?"

"Kuna watu hutaka ubavu kwa ubavu?"

"Kuna familia huja hapa, mama ya bibi hataki kuonana na mkwe akila. Tunageuza tenti kidogo, hivi." Akafuta mraba mmoja kwa kiatu na kuuchora upya umeelekea pembeni. "Haina shida. Ni kuambiwa tu mapema, si unajua vigingi vikishaingia nimemaliza."

Nilitazama ule mraba. Nilikuwa nimekuja nikidhani nyumba yetu pekee ndiyo yenye jambo hili, kumbe kijana wa kuchomelea vyuma ana chaki yake tayari. Maina alichutama, akauliza yeye atakuwa wapi. Karis akaweka kifuniko cha soda. Mama akawa nati. Kutoka kwenye kifuniko hukuweza kuiona nati bila kusimama.

"Lakini keki?" nikauliza.

"Keki si yangu, madam. Mimi ni wa vyuma."

Saa sita kasoro tulirudi Outer Ring, tukakunja kuelekea barabara ya Kangundo. Jua lilikuwa limekolea na Senge alikuwa amenunua mahindi ya kuchoma, ambayo alitukataza kuyaonja. "Ninyi mnaenda kula keki. Kaeni na njaa yenu, msije mkashindwa kuonja."

Komarock, mwokaji aliyependekezwa na mama yake Maina alifanyia kazi nyumbani kwake, chumba cha mbele. Kila mtu alimwita Mama Shiro. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyotiwa unga, na alitupokea kama watu wa nyumbani: maji ya kunawa kwanza, maneno baadaye. Mezani aliweka vipande vya ndizi, karoti, limau na vanila.

Maina alipenda zote. Senge alikula cha ndizi, akakirudia, akasema anahakikisha. Mimi niliuliza kwa nini keki ya harusi iwe na ngazi tatu ilhali watu wanakula ya chini tu.

"Ya juu ni ya picha," Mama Shiro akajibu bila kukasirika. "Kila kitu harusini kina kazi yake. Watakaolishwa ni wangapi?"

Senge akanitazama, mimi nikamtazama Maina.

"Mama wa msichana ni wa pande gani?" Mama Shiro akauliza.

"Bungoma," nikasema.

"Aa." Aliweka kisu chini. "Basi tuzungumze."

Akatusimulia harusi moja aliyopeleka keki. Bwana harusi alimwendea mama mkwe na uma. Mama akarudi nyuma. Mfawidhi wa sherehe, mtu wa kuchekesha, akaona amepata mchezo, akatangaza kwenye kipaza sauti: mfuate, mfuate! Bwana harusi akamfuata. Yule mama alikimbia, kweli alikimbia, akapita katikati ya viti hadi kwenye magari, na umati ukashangilia kama uko uwanja wa mpira.

Nilicheka. Nilijiona kabisa nikiisimulia kwa marafiki. Senge hakucheka.

"Mimi pia nilicheka," Mama Shiro akaniambia. "Halafu nikaenda nyuma kuchukua masanduku yangu, nikamkuta amejificha hapo, ameshika viatu mkononi, analia. Nilidhani ana hasira. Akaniambia, 'Nimeharibu harusi ya mtoto wangu.'"

Tangu mwanzo nilikuwa nimedhani mama yangu anashikilia desturi dhidi yangu. Haikunijia hata mara moja kwamba alikuwa amejipangia kuondoka mapema ili asije akawa yule mama wa kwenye magari.

"Sasa mama mwenyewe anataka nini?" Mama Shiro akauliza.

Kulikuwa na kamati ya harusi, kulikuwa na kundi la simu lenye ujumbe usioisha, kulikuwa na karatasi yangu ya mwaka wa tatu, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Mama Shiro alifunga vipande vinne kwenye kiboksi, akakikaza kwa utepe. "Mpelekeeni aonje. Kila bibi harusi huja hapa na rafiki, na shangazi, na mchumba. Mwenye haya ndiye huachwa nyumbani, na keki ikishamshinda wanasema ni mgumu."

Saa tisa na nusu, kupitia Kayole, tulirudi Donholm. Tukitoka matembezini, Maina huniacha getini. Safari hii nilimwambia azime gari aingie. Mama alimwona dirishani, na tulipofika sebuleni mlango wa jikoni ulikuwa ndiyo kwanza unajifunga. Senge alipenya na kile kiboksi, akarudi, akaweka kiti chake mlangoni kama askari wa mpakani.

Niliongea na mbao za mlango. "Mama, sikuja kubishana. Nakuuliza tu. Wakati wa keki, wewe ungependa iweje?"

Maji ya bomba yakafungwa.

"Unaniuliza leo?" alisema.

"Nimechelewa. Samahani, Mama."

"Mwambie huyo kijana," mama akasema, na sauti yake ilisikika vizuri hadi kwenye kochi, "kwetu mama mkwe ndiye hulisha. Halishwi. Nikimfungulia kinywa mbele ya watu kama kinda la ndege, nitamtazamaje tena?"

"Anasema yeye ndiye hulisha," Senge akamfikishia Maina, aliyekuwa hatua nne tu.

"Nimesikia, Senge."

"Subiri uambiwe ndipo usikie."

Maina alikaa mbele kidogo kwenye kochi. "Mwambie Mama sitaki kumlisha. Hata mimi usingizi nilikuwa sipati. Nilidhani nisipofanya hivyo ataona nimemdharau, na nikifanya ataona nimemdharau."

Senge alifungua mdomo kufikisha, lakini kutoka jikoni tulisikia mama akicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, nami nikakaa kwenye mkono wa kochi.

Yaliyofuata yalichukua muda mfupi kuliko chai kuchemka. Keki ya mama ingewekwa kwenye boksi, Senge angeipokea kwa niaba yake na kumpelekea kwenye tenti. Mama naye angetengeneza vidonge vya simsim na sukari, vile alivyotufanyia utotoni, Senge avipeleke kwa Maina mbele ya watu. Vitu vingevuka, wenyewe wangebaki mahali pao. Mfawidhi angeambiwa na mimi, uso kwa uso, na kama angependa mchezo achekeshe watoto. Nilieleza habari ya tenti iliyogeuzwa, ya kifuniko cha soda na nati. Mama akataka kujua kama hiyo tenti ni safi. Senge akasema ameinusa mwenyewe.

"Ya limau msichukue," mama akasema ghafla. Sauti yake ilikuwa na kitu ndani, imejaa, na alimeza kabla ya kuendelea. "Hii ya karoti. Na boksi langu liwe zuri kama la mama yake. Nisionekane nimetupiwa makombo."

"Usisikilize!" Senge akamfokea Maina. "Mama mkwe wako anakula!"

Maina aliziba masikio kwa mikono yote miwili, akatazama dari, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

Nimeulizwa na marafiki nilichojifunza, kwa kuwa mimi ndiye hujifunza kila mahali na kuwachosha watu. Karibu nizunguke Eastlands nzima nikiuliza turubai ni la nini na ngazi tatu za nini, na hayo si maswali mabaya. Ila nilikuwa nimezoea kuuliza ili nishinde. Swali ambalo sikujua jibu lake niliogopa kuliuliza, na jibu lilikuwa hatua nne kutoka kwenye kochi letu. Bado sijui kama nauamini mwiko huu. Jina la mama limo kwenye ratiba, na hilo linanitosha.

Saa kumi na moja Maina aliaga. Aliusogelea mlango wa jikoni, akasimama mbali kidogo. "Kwaheri, Mama."

"Nenda salama, mwanangu. Funga geti, mbwa wa jirani huingia."

Alipotoka, mama alifungua mlango, akapita mbele yetu moja kwa moja hadi dirishani, makombo ya karoti yakiwa bado kwenye leso yake. Alisogeza pazia kwa kidole kimoja, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo, akamtazama Maina akivuka ua, akifunga geti, akilijaribu tena kuona kama limeshika.

"Nimemwona hivi mara saba," alisema. "Ana mgongo mzuri."