Swali Lililobaki kwenye Programu ya Okidi

Mume wangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Bwana Pasi. Shati likipita mikononi mwake linatoka utadhani halijawahi kugusa mgongo wa mtu. Kwa hilo simnyimi sifa zake. Kwa mengine yote ni mtu wa taratibu mpaka unaweza kulia. Swali la asubuhi analijibu jioni, na akipenda kitu anakipenda kimyakimya, mpaka wewe unayelala naye chumba kimoja ujue mwisho kabisa.

Mama yangu alipoanza kupoteza macho alihamia kwa dada yangu, na kabla ya kuhama akagawa vitu vyake. Mimi nilipewa sufuria. Mume wangu akapewa okidi, mmea wake wa maua. Sitaki kusema uongo, niliona nimepunjwa, kwa sababu sufuria zenyewe nilikuwa nimezisugua tangu utoto na okidi ile hakuna aliyewahi kuniomba hata niimwagilie. Lakini mama alikuwa ameshaamua, na mama akiamua unakunja mkono.

Ni vizuri ujue kwamba wawili hawa walikuwa hawaongei. Si kwa ugomvi, kwa heshima. Tangu anioe, maongezi yao yalikuwa shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za kazi, nzuri, basi. Mume wangu akiwa mbele ya mama mkwe wake anaangalia sakafu kama mtu aliyeangusha kifungo. Siku ile alikiangalia kifungo chake huku amekumbatia chungu, na mama akamwambia maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia.

"Hii ilichanua kwangu mara moja tu, mwanangu. Ikichanua tena, uniite. Daktari anasema katikati ya jicho ndiko kunakokwenda kwanza, pembeni patabaki kwa muda, wala yeye hajui ni muda gani. Kwa hiyo usichelewe kuniita."

"Ndiyo, mama," akaiambia sakafu.

Akaileta dukani. Alikuwa amesikia mahali kwamba okidi inapenda hewa yenye unyevu, na nani ana hewa yenye unyevu kumshinda dobi? Akaitundika juu kabisa ya meza ya kupigia pasi, pale mvuke unapopanda na kugonga dari. Kila alipojaza maji kwenye pasi, na okidi ilipata yake. Kwa muda ilipendeza. Mashina yake marefu yalining'inia na majani yake mabichi, na wateja walikuwa wanainua vichwa na kusifu.

Kisha majani yakaanza kuwa ya njano. Yakadondoka moja moja juu ya mashuka ya watu yaliyokwisha nyooshwa, nami nikawa nayaokota huku nasonya. Mume wangu alipoona majani yanadondoka, akaongeza maji. Yalipozidi kudondoka, akazidisha mvuke. Mwisho yakabaki mashina matupu, makavu, yananing'inia kama kamba za kuanikia zilizokatika.

"Bwana wewe," nikamwambia, "hii imeshakwenda."

"Tungoje."

"Tungoje nini? Ifufuke?"

Aliiviringisha ile okidi kwenye taulo safi, akaipeleka kwa mama wa miche, yule anayeuza mimea kwenye kona ya soko. Nikamfuata, maana mtu wa taratibu hivyo ukimwachia aeleze shida yake watu watafunga soko. Mama wa miche akaigeuzageuza, akaubonyeza mzizi mmoja, akatikisa kichwa. Alisema okidi ni nyingi mno duniani na kila moja ina tabia yake. Angeliona ua lake labda angesema neno, lakini kijiti ni kijiti.

Ila alikuwa na kitu kingine. Mtu anayemletea mbegu alikuwa amemwachia programu ya kompyuta, ndani yake mna okidi za kila aina, picha zake, majina yake na namna ya kuzitunza. Ilikuwa ya majaribio, ungeitumia mwezi mmoja kisha inajifunga mpaka uilipie. Yeye alikuwa hajui kama awauzie wateja wake wanaoanza, au ingewachanganya tu na kumharibia jina.

"Nyie ichukueni," akasema. "Mnaanza, hamjui kitu. Mje mniambie kama inamfaa mtu asiyejua kitu."

Nilitaka kuchukia, lakini alikuwa amesema kweli.

Tuliiweka kwenye kompyuta ya dukani, ile tunayochapia risiti, ambayo nayo ikiwaka ni lazima uiombe. Sasa hapo nitasema jambo ambalo sikutegemea kulisema. Tulipoifungua, wote wawili tuliinamia kompyuta ile. Picha zilishuka, zikashuka, na hazikuisha. Kulikuwa na ua lenye uso wa nyuki, na lingine jeusi linalong'aa kama kiatu cha harusi. Kulikuwa na ua dogo kiasi kwamba kwenye picha walikuwa wameliweka juu ya kidole gumba ili mtu aamini. Kulikuwa na moja linaloishi chini ya ardhi maisha yake yote, halioni jua, na bado linachanua humo humo gizani. Mume wangu alisogeza kiti. Pasi ilikuwa inapiga miluzi nyuma yetu na hakuna aliyeiendea.

"Na haya yote yapo," akasema. "Sisi tumo humu tunanyoosha kola, na haya yote yapo."

Nilihisi udogo, lakini udogo wa raha, ule wa mtoto aliyebebwa mabegani.

Raha iliisha tulipotafuta ya kwetu. Programu ilitaka jina. Hatukuwa na jina. Ikasema basi, kama hujui jina, eleza ua lake. Ua lenyewe ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Ili lije tulihitaji kujua matunzo, na ili tujue matunzo tulihitaji jina, na ili tupate jina tulihitaji ua.

"Kumbe huyu ni daktari," nikasema, "anayetaka umpelekee mgonjwa aliyekwisha pona. Kamrudishie mama wa miche programu yake, umwambie haifai."

Mume wangu aliendelea kuangalia yale maswali. Akasema, "Aliyeliona ua ni mama."

"Basi mpigie."

"Wewe mpigie."

"Mimi nina mashuka."

Nikageuka kwenye mashuka yangu kwa makusudi. Nilimsikia anakohoa, anabonyeza namba, anakohoa tena. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za kazi, nzuri. Nikangoja ile "basi" yao ya siku zote. Basi haikuja.

"Mama, kuna kompyuta hapa inauliza lile ua lako lilikuwa la rangi gani."

Simu ilikuwa wazi juu ya kaunta, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mama akasema lilikuwa la waridi. Lakini waridi la shati lililofuliwa sana.

"Lililochuja, au lililopauka?"

"Lililopauka. Kwa jua."

"Kwenye mabega au shati zima?"

"Mabegani," mama akasema. "Kuelekea ndani rangi ilikuwa bado ipo."

"Basi nimelijua," mume wangu akasema, akabonyeza.

Niliacha mashuka. Programu iliuliza maua yalitoka kileleni mwa shina au ubavuni, na mama akasema ubavuni, mawili mawili, shina zima. Ikauliza harufu, naye akasema ipo, lakini asubuhi tu. Mchana lilikuwa kama halijawahi kunukia. Ikauliza kama shina lilikuwa na majani maua yalipotoka, na hapo mama akacheka. Alisema halikuwa na hata moja, ndiyo maana alishtuka siku ile, aliingia na ndoo akakuta vijiti vimejaa maua, akaiweka ndoo chini na kusahau alichokuwa anakwenda kufua. Mteja mmoja aliingia, akasikiliza, akaegemea mlango. Sikuwahi kumsikia mama yangu anaongea hivyo. Mimi amenizaa, nimekula kwake, na sikuwahi kumuuliza hata siku moja lile ua lilikuwa la rangi gani.

Kwenye kioo cha kompyuta majina yalikuwa yanapungua. Yalibaki mawili, na swali moja la kuyatenganisha.

"Mama, inauliza ule mdomo wa ua, ukingo wake ulikuwa na matamvua, kama ncha za taulo, au ulikuwa mtupu?"

"Hilo sikuliangalia, mwanangu," mama akasema. "Nilikuwa na macho mazima, na sikuliangalia."

Mume wangu alitazama simu. "Si kitu, mama. Tutaliangalia."

Tulisoma kurasa za majina yote mawili, na kwa bahati matunzo yake yalikuwa mamoja. Aina hii, ilisema, ukifika wakati wake inaangusha majani yote na kulala. Anayeanza hudhani imekufa, akazidisha maji. Ikilala isipewe maji, mizizi itaoza, na maua hayatakuja. Iachwe kavu, penye upepo na mwanga, mpaka vifundo vya shina vivimbe.

Mume wangu aliinua macho taratibu hadi kwenye dari, pale okidi ilipokuwa inachuruzika maji katikati ya mvuke. Sijawahi kumwona amekosa rangi namna ile. Mtu alikuwa amelala, naye alikuwa anammwagia ndoo za maji kila siku kwa mapenzi. Aliishusha, akaikata mizizi iliyokwisha oza, ambayo haikuwa michache, akaitundika kwenye dirisha la nyuma pasipofika mvuke. Akamwambia mama ukweli wote kwa simu, bila kujitetea.

Kazi iliyofuata ilikuwa kutofanya kitu, na hakuna kazi iliyomshinda kama hiyo. Alikuwa anapita dirishani na jagi la maji mkononi, anasimama, anarudi. Mwezi uliisha, programu ikajifunga. Mama wa miche akauliza, inafaa au haifai? Mume wangu akamjibu, bado. Mama naye akawa anapiga simu, wala si kwangu. "Imeamka?" "Bado, mama." Halafu wanaendelea na mengine, mimi nipo pale kama pazia. Upande wa dada, habari hazikuwa nzuri. Mama alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe. Alikuwa anawajua wajukuu kwa sauti. Niliogopa, nikawa naogopa kila nikikitazama kile kijiti, kwamba macho yatakwisha kabla hakijaamka, au kwamba hakitaamka kabisa na ni sisi tuliokiua.

Asubuhi moja mume wangu aliniita dirishani kwa kidole. Kwenye kifundo kimoja palikuwa na uvimbe mdogo kama kifungo cha shati la mtoto. Kwenye cha pili napo hivyo hivyo. Kila siku vikazidi, na siku maua yalipofunguka nilielewa kwa nini mama alisahau ndoo. Kijiti kile kile nilichosema kimekwenda kilikuwa hakionekani tena kwa maua, mawili mawili, membamba hata mwanga ulikuwa unapita ndani yake, na rangi yake ndiyo ile, shati lililopauka mabegani.

Ule mdomo niliuangalia nikajua jibu. Yeye pia. Hatukuambiana. Alikwenda kwa mama wa miche, akailipia programu, na nilipomuuliza kwa nini tulipie wakati ua limeshakuja, akasema kuna swali hatujalijibu.

"Na mama wa miche umemwambiaje?"

"Nimemwambia inamfaa anayeanza. Ila asiinunue kama hana mama mkwe."

Dada alimleta mama asubuhi, wakati wa harufu. Mama alishika fremu ya mlango, akavuta pumzi, akasimama. Mume wangu alichukua koti jeusi la mteja, lililokuwa tayari kwa kuchukuliwa, akalitundika nyuma ya maua ili yaonekane, maana maua mepesi mbele ya ukuta mweupe hata mimi yalinipotea. Mama akasogezwa mbele ya maua.

"Katikati pana ukungu tu," akasema.

Kisha mama akaanza kugeuza uso, kidogo kidogo, akayaacha maua, akaelekea kwenye rafu ya mashuka. Akasimama hapo. Ilibidi asiyatazame ili ayaone.

"Nimeyapata," akasema.

Mume wangu alilishika shina, akalisogeza pembeni ya shavu la mama, karibu, akatulia nalo. Niliangalia macho ya mume wangu. Hayakuwa sakafuni. Yalikuwa usoni kwa mama, yanangoja.

"Yana matamvua," mama akasema. "Ukingo mzima. Membamba hivyo, nani alikaa kuyakata?"

"Sijui, mama."

"Haya. Kaijibu kompyuta yako."

Aliniachia shina nilishike, akaenda akabonyeza, na jina moja likafutika. Lililobaki alilisoma kwa kulikatakata, lilikuwa refu kama treni, na mama akacheka bila kuondoa uso wake kwenye mashuka. Akamwambia alisome tena. Mimi nililia bila kujificha.

Hapo mwenye koti akaingia na risiti yake. Alimtazama mama anayeangalia rafu, akanitazama mimi ninayelia na shina la maua mkononi, akamuuliza mume wangu kama koti lake lipo tayari.

"Lipo," Bwana Pasi akamwambia, "lakini bado lina kazi kidogo."

Mteja akaliona koti, akayaona maua. Akavuta kiti, akakaa.