Mgonjwa wa Mazoezi Aliyeikimbia Zahanati

Saa tatu asubuhi, mjini Kpando, mashariki mwa Ghana. Sefakor Agbenu amejilaza kitandani katika chumba cha mazoezi cha chuo cha uuguzi, na wala haumwi. Analipwa kuumwa: sedi hamsini kwa asubuhi moja. Mkono wake wa kulia umepooza tangu alipopata kiharusi miaka sita iliyopita.

Mwanafunzi Elikem anamletea vidonge. Sefakor ananyoosha mkono wa kushoto. Elikem anarudisha wake nyuma.

“Mama, wa kulia,” yanamtoka kabla hajafikiri.

Darasa zima linamgeukia. Kwa Waewe, watu wa eneo hili, mkono wa kushoto hautoi wala haupokei bila radhi. Anayelazimika kuutumia husema, “Kushoto, jamani,” na mwenzake humwitikia, “Ni mkono.” Elikem alikosea hilo utotoni, na bibi yake hakuwa mtu wa kuonya kwa maneno.

“Wa kulia umelala,” Sefakor anamjibu. “Kauamshe wewe, mimi nimeshindwa.”

Vicheko. Kwa aibu, Elikem anachukua kidonge ili amtie mdomoni.

“We mtoto! Umekufa mkono, mdomo mzima. Waulize majirani zangu.”

Mkufunzi, Bi Dzigbordi, hamwokoi. Ndiye aliyemfuata Sefakor sokoni, anakouza mihogo, akamwomba aje kufundisha.

“Vitabu vinasema mheshimu mgonjwa mwenye ulemavu,” anasema. “Havisemi ufanyeje mkono wako ukikutangulia.”

Sefakor anacheka nao, lakini jambo lenyewe halichekeshi. Miaka miwili iliyopita, katika zahanati moja, muuguzi alimnyima dawa za presha kwa kuwa alinyoosha mkono wa kushoto, akamwambia akajifunze adabu kwanza. Aliondoka mikono mitupu na hajapimwa tena. Presha hiyo ndiyo iliyoua mkono wake, na daktari alishamwonya kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuondoka na huu uliobaki.

“Najua nacheza na moto,” anasema. “Lakini kudhalilishwa mbele ya watu kunauma kuliko sindano.”

Bi Dzigbordi anamrudisha Elikem mlangoni aanze upya. Anabisha hodi, anataja jina lake.

“Mama, dawa zako hizi. Nikupeje?”

Sefakor ananyoosha mkono wa kushoto. Haombi radhi, anamtazama tu.

“Ni mkono,” Elikem anasema, na kuviweka vidonge kiganjani mwake.

Safari hii hakuna anayecheka. Sefakor amefumbata vidonge vile vya bandia, na machozi anayafuta kwa bega.

“Watu husubiri niombe kwanza,” anaeleza baadaye, akitafuta viatu vyake chini ya kitanda. “Huyu hakusubiri.”

Darasa la Elikem linaanza kazi ya wodini wiki ijayo, na kijana amejitolea kumsindikiza zahanati. Sefakor amekataa.

“Siku ya kwanza naenda peke yangu, Jumanne,” anasema. “Wakinikaripia, nami nitawakaripia. Ila siondoki pale mpaka niambiwe presha yangu ni ngapi.”