Section ya Hôpital

Miye masomo yangu iliishia sixième primaire, darasa ya sita, kule Lubumbashi. Njo maana siku école ya mudogo wangu ya hapa Bruxelles ilituita mu réunion, papa aliniambia: "Utakuya, lakini utafunga kinywa." Juu kinywa yangu haina frein, haisimamake. Ata ku matanga nachekesha bantu.

Mudogo wangu, binti mwenye kuniita yaya sababu miye mukubwa, alikuwa na quinze ans, miaka kumi na tano. Tangu utoto alikuwa anasema kitu moja tu: nitakuwa munganga, docteur wa kweli. Basi professeur, madame moja wa sauti ya polepole, akasema: "Kama anapenda kutunza bantu, tuko na section ya bien, aspirant nursing, ya kusaidia ba infirmier. Atafanya stage mu hôpital."

Papa alikuwa anasafisha ma-ofisi kule Schuman, lakini siku ile alivaa costume yake ya ndoa. Kusikia neno hôpital, akasimama, akamupa madame mikono mbili. "Merci, madame. Merci beaucoup!"

Kwetu professeur haumuulizake maulizo. Na tena kwetu, mutoto akifanya humanités za infirmier, sekondari ya uuguzi, akipata diplôme yake, anaweza kuingia médecine, université ya udaktari, na bantu banapiga makofi. Papa aliona njo njia ile ile. Mu métro alikuwa anacheka peke yake.

"Umeona? Quinze ans, na bashamuingiza mu hôpital! Huku banapima akili ya mutoto mapema."

"Na yangu, papa, balipima wakati gani?"

"Yako balipima. Njo maana unabeba masanduku."

Tangu dimanche yenye ilifuata, mu kanisa yetu karibu na Porte de Namur, mutoto akakuwa Docteur. Sisi cheo tunakupaka mbele ya kazi, kazi itakukuta njiani. Kisha culte, ibada ikiisha, ba maman balikuwa banamuletea magoti na miguu ya kuvimba. Miye nikajifanya secrétaire wake: "Magoti huku, tension ya damu kule, bachawi muende kwa pasta!" Balikuwa banacheka mpaka machozi. Na yeye, kweli, tension alikuwa anapima muzuri sana.

Kitu hatukujua: huku, mbele ya kuingia médecine kulikuwa examen. Physique, chimie, math. Diplôme ya ile section balikuwa banaikubali, hakuna mwenye alimufungia mulango. Lakini ile section ilimufundisha kuosha mugonjwa na kumugeuza mu kitanda. Physique haikukuwamo. Mwaka wa mwisho akaanza kujisomea peke yake mu bibliothèque ya Etterbeek. Alitushitakia: "Papa, iko nguvu, inanishinda." Papa, mwenye anamuitaka binti yake maman, akamujibu: "Maman, section yako ni ya hôpital. Unaogopa nini?"

Siku ya examen, wazazi bengine baliacha batoto ku mulango wa salle kubwa ya examen, bakaenda zabo. Sisi tulikuya na kanisa muzima. Ba maman balivaa pagne, kitenge ya namna moja, casserole za pondu, majani ya muhogo, na beignets ziko chini, banaimba mu parking. Miye nilikuwa na mégaphone ya chorale.

Midi, saa sita, ku pause, nikamuona anatoka. Nikafinya bouton: "Docteur anatoka! Bagonjwa bote, mu laini!" Ba maman bakapiga vigelegele. Bale vijana bote na ma-sandwich yabo bakageuka kutuangalia.

Akakuya polepole mpaka karibu na uso wangu. Kidole yangu ilikuwa ingali ku bouton. Akasema chini, lakini mégaphone ikabeba sauti yake parking muzima: "Yaya, zima. Physique nimeacha blanc, sikuandika kitu. Hakuna mwenye alinifundishaka."

Nyimbo ikakatika. Maman moja akabaki na beignet hewani.

Papa akasema: "Lakini, maman, section yako..."

"Papa, section yangu ni ya kuosha bagonjwa. Hawa bengine balichagua sciences. Balichagua na quinze ans."

Nikatafuta kitu ya kuchekesha. Haikukuya. Haya ilinipanda mpaka mu masikio, na mégaphone nikaificha chini ya koti sawa mwizi wa kuku.

Hakuingia médecine. Sasa anafanya mwaka wa préparation, physique kila siku, na ku kanisa anatoka mbele ya culte kuisha ili asikutane na magoti ya ba maman.

Dimanche moja, kisha culte, tonton mwenye kupiga guitare ya kanisa akamufuata papa ku meza ya chakula. "Papa Docteur, mutoto wangu anataka kuwa munganga. Nimuweke ile section ya binti yako?"

Papa akaniangalia. Ku mambo kama ile njo nalikuwa namuokoaka na utani. Miye nikaangalia viatu vyangu.

Papa akakohoa. "Mbele ya kusema merci," akasema, "uliza: physique iko, na ni masaa ngapi mu wiki?"

"Ah bon? Na weye, balikujibu nini?"

"Miye sikuuliza."

Akaweka sahani yake chini, haijaguswa, akaenda kupanga viti. Nayo haikukuwa zamu yake.